Mbio za Motokaa na Njia ya Tunduma

Mwezi wa Mei mwaka 1957, motokaa moja iliyokuwa ikishindana katika Mille Miglia ilipasukiwa na gurudumu karibu na kijiji cha Guidizzolo, ikaacha njia na kuwavamia watazamaji. Alfonso de Portago aliyeiendesha alikufa, na mwenzake Edmund Nelson, na watazamaji 9 pamoja nao, watano miongoni mwao wakiwa watoto. Ndipo mbio hizo za maili 1,000, ambazo tangu mwaka 1927 zilikuwa zikitoka Brescia hadi Roma na kurudi, zikipita katikati ya miji ya Italia, zikakomeshwa.

Afrika Mashariki wakati huo ilikwisha kuwa na mbio zake. Coronation Safari ilianzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 ikaitwa East African Safari. Nchini Italia mshindi alikuwa mwenye kasi. Huku mara nyingi alikuwa yule aliyefika. Mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani katika masika, na tope liliamua mengi kuliko injini. Mwaka 1963 motokaa 84 zilianza safari, zikamaliza 7 tu. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, ushindi ulimwendea Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, katika Peugeot 404.

Lakini miaka hiyo hiyo ulikuwapo mwendo mwingine wa motokaa katika Tanzania, usio na saa ya mwamuzi wala kikombe, nao ulielekea Tunduma. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru. Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake kwa kupitia nchi hiyo, na mwezi wa Desemba mlango ule ukafungwa. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zikaanza kuchukua mapipa ya mafuta. Mengine yakapakiwa katika malori bandarini Dar es Salaam. Nao ulikuwa mwezi mbaya kupita yote, kwani mvua za nyanda za juu za kusini ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza.

Njia ilipita Morogoro, ikapanda Kitonga, ikashika Iringa na Mbeya, kisha Mbozi na Vwawa, mpaka Tunduma mpakani, karibu kilomita 930. Sehemu kubwa ilikuwa ya udongo: kiangazi vumbi, masika utelezi. Hapo Tunduma dereva hakuwa amefika. Alikuwa amefikia nusu tu. Ng'ambo ya mpaka zilimngoja Nakonde na Mpika, na mbali zaidi nchi ya migodi. Wakati wa kurudi alichukua shaba. Waliotumia njia ile waliiita Njia ya Jehanamu, na jina hilo halikuwa la kutia chumvi. Dereva wa Safari aliendesha gari jepesi, na mafundi wake walimngoja mbele. Dereva wa lori alikuwa na utingo wake, breki zilizochoka, na mzigo uwezao kuwaka nyuma ya mgongo wake. Ikiwa ustahimilivu hupimwa kwa uzito wa kinachobebwa, basi Peugeot ya mwaka 1966 haikuwa ya kwanza katika Tanzania.

Italia nayo iliingia katika mbio hizi, kwa mlango mwingine. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya usafirishaji wa barabara pamoja na Intersomer ya Milano, na malori ya Fiat na matela yake yakaijaza njia. Waitalia wa Snam ndio waliolaza bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 mpaka Ndola, lililofunguliwa mwaka 1968. Tangu hapo mapipa yakapungua barabarani. Lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha reli ya TAZARA, iliyovuka mpaka hapo hapo Tunduma.

Safari ilikuja kubaki Kenya peke yake. Tunduma, iliyo katika Mkoa wa Songwe tangu mwaka 2016, imebaki na malori. Hupanga foleni ndefu kuelekea Nakonde, na baadhi yao hungali yamebeba mafuta.