Majaribio yalianza hapa kwetu

Siku hizi tukizungumza muziki kuna neno moja linarudi kila saa: "majaribio". Albamu ikitoka Ulaya na sauti za ajabu, banasema ule njo muziki wa akili. Gitare ya mzee ikilia mu lupango, banasema ni mambo ya zamani. Miye ninakataa, na historia iko upande wangu.

Tuanze mu 1952. Hugh Tracey, mzungu aliyekaa Afrika ya Kusini, alipita Katanga na mashine yake ya kurekodi. Kule Jadotville, leo Likasi, akakuta kijana mmoja, Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bayeke. Alipiga gitare kavu kwa vidole viwili tu, gumba na kile kinachofuata, lakini ukisikia unazani batu babili bako pale: sauti ya chini na njia yake, ya juu na njia yake. "Masanga" ilisafiri mbali, mpaka bataalamu ba Ulaya bakaiandika kwa noti juu ya kuelewa vile alifanya. Hakuna studio kubwa, hakuna umeme mu gitare. Kama yale hayakuwa majaribio, basi majaribio ni nini?

Kisha Konono N°1. Mu Kinshasa, Mawangu Mingiedi alitengeneza mikro na sumaku za magari ya kuharibika, akaziunga ku likembe, ili ngoma ya Bazombo isikike mu kelele ya mji. Ulaya ilipopata albamu "Congotronics", mu 2004, ikaita ile muziki mpya kabisa. Kumbe Konono ilikuwako tangu miaka ya 1960! Maoni yangu ya wazi: ukisikiliza peke yako kitandani, inachosha. Ilifanywa kwa kucheza, batu wakiwa wengi. Kosa ni la kitanda, si la likembe.

Tena Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mu 1978, akakomalia Ubelgiji. "Kinshasa Succursale" ya 2011 njo ninapenda zaidi: "Karibu ya Bintou" aliifanya na Konono, na mu "Siku ya Baadaye" anajibu "Indépendance Cha Cha" ya Grand Kallé, ya 1960. Anaongea na bazee, habaige. "137 Avenue Kaniama" (2018) ni nzuri, lakini ndefu. Kuna pahali ninasikia mashine kuliko mtu.

Miye nilisoma kilimo. Ninajua mbegu ya kijiji inayotupwa, kisha inarudi mu mfuko mzuri na jina la kigeni, na tunailipa.

Hatari iko hapa. Rekodi za Tracey ziko mu maktaba ya Afrika ya Kusini. Mwenda alikufa mu 1990, ajali ya gari kule Zambia, lakini vidole vyake tunavisikia hata leo. Na bazee ba Mutshatsha wanaopiga gitare ao likembe? Mmoja akienda, anaenda na yote.

Kila mmoja wetu iko na telefone. Jumapili hii, peleka sukari kwa mzee, muombe ruhusa, urekodi. Andika jina la wimbo, nani alimufundisha, anakaza nyuzi namna gani. Mukikataa maoni yangu juu ya albamu, mukatae. Lakini mulete wimbo.