Wimbo Umelipia Lakini Si Wako: Historia ya Nyimbo za Kununua Kwenye Gemu

Wasee, tuanze na hesabu. Novemba 2007, gemu ya Rock Band ilipotoka Marekani, wimbo mmoja wa kuongezea ulikuwa dola 1.99. Siku hizo dola ilikuwa kama shilingi 65, kwa hivyo wimbo ulikuwa kama 130. Januari 2024, Harmonix, kampuni iliyotengeneza hiyo gemu, iliacha kutoa nyimbo mpya. Bei ya kawaida ya wimbo ilikuwa bado dola 1.99, lakini dola sasa ilikuwa karibu shilingi 160. Wimbo mmoja, kama 320. Mmarekani hakuongezewa hata senti moja. Mtu wa Thika aliongezewa zaidi ya mara mbili na hakuna mtu aliyegusa bei.

Watu hupenda kusema DLC, yaani hivi vitu unapakua na kulipia juu ya gemu yenyewe, ni ghali kwa sababu kampuni zina tamaa. Tamaa ipo, sikatai. Lakini nikifuata historia yake naona bei ndiyo shida ndogo. Shida kubwa ni kwamba tulitolewa polepole kwenye kununua tukawekwa kwenye kukodisha, na neno "nunua" likabaki palepale kwenye kitufe.

Mwanzoni mambo yalikuwa rahisi. PaRappa the Rapper ilitoka Japani 1996 kwa PlayStation ya kwanza. 1998 Konami wakaleta Dance Dance Revolution, ile ya kukanyaga mishale kwa miguu. 2005 ikaja Guitar Hero na gitaa lake la plastiki. Ukiwa nyumbani, ulinunua diski na nyimbo zote ziko ndani. Ukimwazima rafiki diski, umemwazima nyimbo. Ukiiuza, umeuza nyimbo. Hakuna mtu wa kuombwa ruhusa.

Huku kwetu Guitar Hero ilifika kwa PS2 zilizochipiwa na diski za kuchoma. Huo ulikuwa wizi wa hakimiliki, tusidanganyane. Lakini ndivyo vijana wengi wa Makongeni na Ruiru walivyoijua: kibanda cha PS, benchi la mbao, foleni ya wanaongoja FIFA, na mse mmoja mbishi anayetaka gemu ya muziki. Gitaa la plastiki sikuwahi kuliona kwenye kibanda hata kimoja. Tulibonyeza kontrola ya kawaida, vidole vinauma, tukasonga.

Halafu ukaja 2007, na huu ndio mwaka wa kukumbuka. Aprili, Guitar Hero II ya Xbox 360 ilianza kuuza nyimbo za kupakua. Furushi la nyimbo tatu lilikuwa pointi 500 za Microsoft, yaani dola 6.25. Wachezaji waliwaka. Sababu ya hasira haikuwa bei peke yake. Nyimbo zenyewe zilitoka kwenye Guitar Hero ya kwanza, kwa hivyo mtu aliyekuwa na diski ya zamani aliulizwa alipe tena. Miezi michache baadaye Rock Band ikaja na mpango uliotulia zaidi: wimbo mmoja mmoja, nyimbo mpya mara kwa mara, chagua unayotaka. Mpango huo ulidumu zaidi ya miaka 16 na nyimbo zikapita 2,000. Hesabu nyimbo 50 tu kwa dola 1.99. Ni karibu dola 100, bei ya gemu na zaidi.

Cheki hii sasa. Machi mwaka huohuo wa 2007, Safaricom ilizindua M-Pesa. Nyimbo za Guitar Hero na Rock Band zilianza kuuzwa mtandaoni wakati uleule Kenya ilianza kutuma pesa kwa simu, na hivyo viwili havikukutana kwa miaka mingi. Duka lilitaka kadi ya benki, na kijana anayelipwa kibarua kwa siku kwenye kiwanda cha Thika alikuwa na simu tu. Kadi ya Visa ya kidijitali iliyounganishwa na M-Pesa ilikuja Juni 2022. Hadi leo, ukifungua akaunti ya PlayStation, Kenya haimo kwenye orodha ya nchi. Watu hujisajili kama wako nchi nyingine, kisha wananunua vocha kutoka kwa mtu mwenye vocha, na huyo naye lazima ale. Kwa hivyo bei unayosoma mtandaoni mara nyingi si bei utakayolipa. Kuna dola, kuna mtu wa kati, na kuna bando ya kupakua.

Lakini nimesema bei ndiyo shida ndogo. Shida kubwa ilijionyesha Oktoba 2015.

Mwezi huo Activision walitoa Guitar Hero Live. Kwenye diski kulikuwa na nyimbo 42 tu. Nyimbo zingine zilikuwa kwenye huduma ya mtandaoni iliyoitwa GHTV. Hukuuziwa wimbo uwe nao. Ulipewa nafasi za kuucheza: ukicheza sana unapata nafasi, zikiisha unaweza kulipa pesa halisi upate zingine. Desemba 1, 2018 seva zikazimwa. Nyimbo 484 zikapotea siku moja. Mtu aliyelipia gemu kamili alibaki na zile 42, na gitaa la plastiki ukutani.

Sasa kumbuka kitu kingine cha mwaka huohuo. Oktoba 2018 alifariki Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu, mzaliwa wa Kangema, Murang'a, juu tu ya Thika. Alianza kurekodi miaka ya 60. Aliyenunua santuri au kaseti yake miaka hiyo bado anaweza kuicheza leo akiwa na mashine. Na mjukuu wake, mwanamuziki anayejulikana kama KMRU, amekuwa akitoa upya kazi za babu yake kwenye Bandcamp. Mwimbaji amekufa, muziki upo. Upande ule mwingine waimbaji wengi wako hai, kampuni iko hai, na nyimbo ulizokuwa ukicheza zimezimwa kwa swichi.

Kwa nini zinazimwa? Tuwe wa haki kidogo. Kuweka wimbo kwenye gemu kunahitaji leseni kutoka kwa mwenye rekodi na pia mwenye utunzi, na leseni nyingi huwa na tarehe ya kuisha. Mtu lazima akae apange kila noti ya kubonyeza, kila ngazi ya ugumu. Seva inalipiwa umeme kila mwezi. Kwa hivyo dola mbili haziendi zote mfukoni mwa tajiri mmoja, na sitetei kwamba kila kitu kiwe bure. Msanii lazima ale. Ninachokataa ni kufichwa. Muuzaji anajua mkataba wake una mwisho. Wewe hujui. Yeye anauza akiwa na saa mkononi, wewe unanunua ukidhani ni milele.

Leo mambo yamefika wapi? Epic walinunua Harmonix Novemba 2021, na Desemba 2023 wakatoa Fortnite Festival, gemu ya muziki ndani ya Fortnite. Kuingia ni bure na kuna nyimbo za bure zinazobadilishwa. Ukitaka wimbo fulani ukae nao, ni V-Bucks 500. Wakati huo V-Bucks 1,000 zilikuwa dola 8.99 Marekani, kwa hivyo wimbo ulikuwa kama dola 4.50, karibu shilingi 700 kwa dola ya siku hizo. Kutoka 130 hadi 700 kwa miaka 16. Na wimbo unaishi ndani ya Fortnite pekee. Fortnite ikifa, nao umekufa.

Na usiseme haya ni mambo ya wenye PS5. Zile gemu za vigae vya piano kwenye simu zinafanya kitu kilekile: tazama tangazo ndio wimbo ufunguke, au lipa kila wiki uondolewe matangazo. Tangazo linakula bando, na bando ni pesa. Hata Skiza ni binamu yake. Unakatwa kidogokidogo kwenye salio, na ukiacha kulipa wimbo unatoka. Tofauti ni kwamba Skiza kila mtu anajua ni ya kukodi. Hakuna anayelia akiikosa.

Maoni yangu ni haya. Kukodi si dhambi. Nyumba nyingi za Witeithie na Kimbo ni za kukodi, na mpangaji anajua kodi ni ngapi na ataarifiwa vipi akitakiwa kuhama. Nyimbo za gemu zinatakiwa kuuzwa na adabu hiyohiyo. California tayari ina sheria, ilianza Januari 1, 2025: muuzaji wa bidhaa ya kidijitali haruhusiwi kutumia maneno kama "nunua" bila kukuambia wazi kwamba unapata leseni tu. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Tunalipa pia VAT ya asilimia 16 kwa huduma za kidijitali kutoka nje. Kama serikali inaweza kufikia hizi kampuni kuchukua kodi, inaweza pia kuzifikia kuziambia ziandike ukweli kwenye kitufe.

Kabla hiyo siku ifike, jiulize maswali matatu kabla hujatoa pesa. Wimbo huu unachezwa bila intaneti? Nikibadilisha simu au konsoli, nahama nao? Seva ikizimwa kesho, nabaki na nini? Ukipata jibu la "hapana, hapana, hakuna," bado unaweza kulipa, ni pesa zako. Lakini lipa kama mtu anayeenda sinema: umefurahia jioni, umerudi nyumbani, na hukutarajia kubeba skrini.