Nnandenga na Jirani Zake: Viumbe wa Porini katika Uwanda wa Makonde

Anayepita soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, huonyeshwa mpingo uliochongwa jicho moja, mdomo uliopinda na mguu mmoja mwembamba, akaambiwa kuwa hilo ni shetani la Kimakonde. Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, ndiye anayetajwa kuuanzisha mtindo huo mwishoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa akimchongea mfanyabiashara Mohamed Peera. Mtindo ndio uliokuwa mpya. Kiumbe mwenyewe ni wa zamani. Wamakonde walimjua kwa jina la nnandenga, roho wa porini, na alikuwa na makazi yake. Hayo makazi ndiyo ninayoyashikilia hapa. Viumbe wa kusini, kuanzia Masasi hadi Newala na vijiji vya Mnyambe, hawaeleweki ukiwang'oa mahali walipokaa.

Mwaka 1906, makovu ya vita vya Majimaji yakiwa bado mabichi, Mjerumani Karl Weule alifika Masasi, kisha akapanda uwandani hadi Newala. Huko alisimuliwa chimbuko la Wamakonde. Hapo kale Mahuta palikuwa kichaka kitupu. Kichakani akatoka kiumbe mfano wa mtu, asiyeoga wala kunyoa, anayekula na kunywa kidogo sana. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaipeleka kwake, akaisimamisha. Usiku ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakateremka Ruvuma kuoga. Mtoto akazaliwa mfu. Wakavuka hadi bonde la Mbwemkuru; wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi juu Mahuta, wa tatu akaishi. Ndipo mzee yule akawausia wanawe wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, maana huko kuna maradhi na mauti, na wafu wao wawazike wima, kumkumbuka mama yao aliyeamka akiwa amesimama.

Wengi huisoma hadithi hii kama sifa kwa wachongaji, na kweli ni sifa kubwa. Mimi naiona zaidi kuwa hadithi ya mahali. Simama Newala kwenye ukingo uitwao Shimo la Mungu, utazame bonde la Ruvuma chini: maji yako huko, na juu ni mchanga unaoyameza. Vizazi kwa vizazi wanawake waliteremka na kupanda na mitungi. Wasia wa mzee wa kichakani unaieleza taabu hiyo: mbali na maji kuna shida, lakini watoto wanaishi.

Jirani za Wamakonde nao wana wa kwao. Alice Werner, aliyekitafsiri kitabu cha Weule kwa Kiingereza mwaka 1909, alitoa mwaka 1933 kitabu chake mwenyewe cha visasili vya Wabantu. Humo wamo itowe wa Wayao, wezi wa mashambani. Wakipita, maboga huoza, na mboga waliyoigusa huwa chungu. Kuwaridhisha, watu waliwawekea sehemu ya mazao njia panda. Huko Nyasa yupo Chiruwi, mwenye nusu ya mwili: ukishikana naye mieleka ukamshinda, hukufundisha dawa za miti.

Wapo pia wanaoletwa kijijini kwa makusudi. J. A. R. Wembah-Rashid, mtafiti wa Kitanzania, aliandika mwaka 1971 kuhusu isinyago na midimu, ngoma za vinyago za kusini. Isinyago huwa na maumbo ya wanyama. Midimu ya Wamakonde huvaa sura za mti, na hucheza vijana wanapotoka jandoni. Kwa asiyepita jando, aliyecheza pale hakuwa mtu. Alikuwa mzimu aliyekuja kushangilia.

Anayetisha kuliko wote ni simba-mtu, simba anayeaminiwa kuwa ametumwa na mchawi au kuwa ni mchawi mwenyewe. Hapa hofu ina damu. Utafiti wa Craig Packer na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004, na 308 waliojeruhiwa. Mikoa ya kusini iliumia sana. Watafiti walieleza kuwa nguruwe pori huvamia mazao, simba huwafuata, na wakulima huwa wamelala shambani kulinda. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayamjibu mfiwa anayeuliza kwa nini simba alipita vibanda vya wengine akaingia cha mwanawe. Swali hilo ndilo linalomweka simba-mtu hai, naye hukaa palepale itowe walipokaa: shambani, usiku, mazao yakikaribia kukomaa.