Hesabu ya Masalio: Jinsi Nailoni Ilivyopimwa

Tarehe 28 Februari 1935, katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Wilmington, Marekani, jamaa waliofanya kazi chini ya Wallace Carothers walitengeneza kwa mara ya kwanza ile nailoni ambayo, ilipofika Mei 1940, wanawake wa nchi hiyo waliigombania madukani kwa sura ya soksi. Wala wanunuzi hao hawakuwa na habari ya hesabu iliyoutangulia uzi wenyewe, yaani kujua malighafi imeungana kwa kiasi gani.

Nailoni hiyo huundwa kwa asidi ya adipiki na heksamethilinidiamini, ambazo kila molekuli yake ina ncha mbili za kushikia, na kila ncha zishikanapo hutoka maji. Mtu angedhani kwamba ncha 90 katika kila 100 zikisha kushikana kazi imekaribia kutimia. Kumbe, kwa kanuni aliyoitangaza Carothers mwaka 1936, kila mkufu wa molekuli zilizoungana wakati huo una pingili 10 tu kwa wastani, zikifika 99 huwa 100, na kila masalio, yaani ncha zisizoshikana, yapunguapo nusu, urefu huongezeka maradufu.

Madhali siri yote imo katika masalio, wataalamu waliona hekima kuyahesabu hayo. Paul Flory, aliyeingia DuPont mwaka 1934 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, alichunguza poliesta, ambazo huungana kwa namna iyo hiyo, akipima kwa alkali asidi iliyosalia kila baada ya muda; na mwaka 1939 akabainisha kwamba ncha ya mkufu mrefu hushikana kwa wepesi ule ule wa ncha ya molekuli ndogo. Nailoni yenyewe ilikuwa kaidi, kwani haiyeyuki katika vimiminiko vya kawaida, hata wataalamu Waltz na Taylor walipoeleza mwaka 1947 namna ya kuiyeyusha katika alkoholi ya benzili ili kupima ncha za asidi, na katika fenoli ili kupima zile za amini.

Huko Ujerumani, ambako Paul Schlack alipata Januari 1938 nailoni itokanayo na kaprolaktamu peke yake, mizani ndiyo iliyokuwa hakimu: takriban sehemu moja katika kumi ya malighafi hubaki bila kuungana, nayo hutolewa kwa maji ya moto na kupimwa uzito.

Viwandani hesabu hii hutumika pia kuzuia: hutiwa asidi ya asetiki kidogo ili kufunga baadhi ya ncha, mikufu isizidi kurefuka wakati wa kuyeyushwa, kwa maana nailoni nzito kupita kiasi haipenyi vizuri katika vitundu vya kutolea nyuzi.