Kamera Kwenye Chelezo cha Kisumu

Msomaji, ikiwa wewe ni mwenyeji wa Makongeni au Muthurwa, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, yamkini umepata kuwasikia wazee wa Reli wakitaja Kisumu. Mitaa hiyo ilikuwa makao ya wafanyakazi wa Reli, na Reli ndiyo iliyomiliki meli za Ziwa Viktoria. Kwa hiyo historia ya karakana ya meli ya Kisumu ni sehemu ya historia ya nyumbani kwako.

Meli iitwayo William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa Mombasa vipande vipande. Reli ilikuwa bado haijafika ziwani, basi sehemu ya safari vipande hivyo vilichukuliwa na wapagazi. Ikaunganishwa Kisumu, ikashushwa majini mwaka wa 1900. Reli yenyewe iliwasili mwaka uliofuata. Vita vilipozuka mwaka wa 1914, meli ya Winifred ilifungwa mizinga ikakabiliane na Wajerumani. Ndivyo meli za biashara zilivyogeuka kuwa za vita.

Ujenzi wa reli ulipigwa picha na William D. Young, na picha zake ni hazina kubwa. Lakini mpiga picha aliyeajiriwa huelekeza kamera anakotaka mwajiri: kwenye madaraja, magari ya moshi na mabwana wakubwa. Je, ni nani leo awezaye kumtaja kwa jina mpagazi mmoja aliyebeba chuma cha meli ile?

Hapo ndipo ilipo faida ya mpiga picha wa ridhaa. Yeye hana tajiri wa kumridhisha. Aweza kupiga picha ya nyundo iliyochakaa, au ya mikono ya fundi. Ila hana budi kuandika jina, mahali na tarehe, kwa maana picha isiyo na maandishi ni shahidi bubu.

Siku hizi karakana hiyo inasimamiwa na wanamaji wa Kenya, na meli ya Uhuru II imeundwa papo hapo. Atakaye kupiga picha ndani yake sharti aombe kibali. Lakini kumbukumbu za wastaafu wa Reli hazina ukuta wala mlinzi. Mtafute mmoja mtaani kwako, umwombe idhini, umpige picha, uandike jina lake na kazi aliyoifanya. Usikawie, kwani wazee hao wanazidi kupungua.