Athari za kibajeti za kufuta sheria dhidi ya ushoga (Texas)

Kifungu cha 21.06 cha sheria ya jinai ya Texas, Marekani, kilichotungwa mwaka 1973, kiliharamisha ngono ya watu wa jinsia moja. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi dola 500, bila kifungo, hivyo kukifuta hakuokoi gharama za magereza wala hakupunguzi mapato ya maana.

Fedha zilitumika kwingine. Mwaka 1998 wanaume wawili, John Lawrence na Tyron Garner, walikamatwa kwa kosa hilo Houston, nyumbani kwa Lawrence, wakalala mahabusu. Kila mmoja alitozwa faini ya dola 200 na gharama za mahakama dola 141.25. Kwa vijisenti hivyo, serikali iliwalipa polisi, waendesha mashtaka na mahakimu hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipobatilisha kifungu hicho tarehe 26 Juni 2003, kwa kura 6 dhidi ya 3. Tangu hapo hakitekelezeki.

Hasara kubwa zaidi haikuonekana kwenye bajeti: kutiwa hatiani kungeweza kumzuia mtu kufanya kazi ya udaktari, ukufunzi wa wanamichezo, hata upambaji wa nyumba.