Jembe Linapogonga Historia: Wajibu wa Mjenzi kwa Ardhi ya Ngara na Biharamulo

Kila jengo huanzia chini. Kabla ya paa na kuta, kabla ya rangi na mapambo, kuna shimo la msingi, nalo huchimbwa katika ardhi ambayo wengine waliishi juu yake kabla yetu. Ndiyo maana katika mila ya Kihindu jembe hutanguliwa na bhumi puja, ibada ya kuiheshimu ardhi na kuiomba radhi kabla ya kuichimba. Majirani zetu wa Nemba na vijiji vya jirani nao wanafahamu kwamba kuna miti isiyokatwa na vichaka visivyolimwa, kwa sababu wazee walitambikia au walizikwa hapo. Katika kitabu hiki cha maadhimisho, tunapowakumbuka waliotutangulia kujenga, yafaa tujiulize swali moja: mjenzi afanye nini pale jembe lake linapogonga kitu ambacho hakikuwamo katika ramani?

Swali hili li karibu nasi. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na njia yake imepita mkoani Kagera, wilaya ya Biharamulo ikiwamo. Katika maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 unaohudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Dhahabu imechimbwa Tulawaka, na nikeli ya Kabanga inasubiri kuchimbwa. Ongeza shule, zahanati, visima na nyumba zetu wenyewe, nawe utaona kwamba ardhi ya wilaya hizi mbili inafunuliwa kwa kasi ambayo babu zetu hawakuiona.

Je, ndani yake mna nini? Jibu lilianza kupatikana Katuruka, karibu na Maruku, upande wa Bukoba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Peter Schmidt alikwenda kwa Wahaya, akakaa na wazee na kusikiliza masimulizi yao juu ya mfalme Rugomora Mahe na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, jina linalohusishwa na kiwanda cha mhunzi. Alipochimba mahali walipomwelekeza, alikuta mabaki ya ufuaji chuma yaliyo ya kale kuliko mfalme huyo kwa karne nyingi, kutoka zama za vyungu vya Urewe, vyenye mapambo ya mistari na kishimo kidogo kwenye kitako. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mafundi wa nchi hii, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, walikuwa na ustadi mkubwa wa kuyeyusha chuma katika matanuri yenye joto kali. Masimulizi ya wazee na koleo la mtaalamu vilishuhudiliana.

Upande wetu, Warongo walisifika kwa kufua chuma katika nchi ya Uzinza na Biharamulo hadi nyakati ambazo masimulizi yake bado yanakumbukwa. Kazi yao haikuacha maghorofa. Iliacha mabonge meusi mazito ya mavi ya chuma, vipande vya mabomba ya udongo yaliyopitisha upepo wa mivukuto, udongo ulioungua na makaa. Mtu asiyejua huyaona hayo kuwa takataka, akayashindilia barabarani pamoja na kokoto.

Hasara ya kutokujua inaonekana vizuri kupitia mifano mitatu. Wa kwanza uko kandokando ya ziwa letu hili hili. Mwaka 1929, katika kuchimba ardhi ya gereza la Luzira karibu na Kampala, wafungwa walifukua vipande vya sanamu ya udongo, kichwa na kiwiliwili, vilivyofinyangwa kwa namna isiyofanana na chochote kilichojulikana pale. Vipande hivyo vilipelekwa London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Lakini uchimbaji ule ulikuwa wa ujenzi, si wa utafiti. Namna vipande vilivyolala na vitu vilivyokuwa kando yake havikuandikwa kwa ukamilifu. Kwa miongo mingi sanamu ya Luzira ilibaki kama yatima: ipo, lakini haijulikani ukoo wake.

Mfano wa pili ni wa Kabwe, Zambia. Mwaka 1921 wachimba madini walikuta fuvu la kichwa cha binadamu wa kale sana ndani ya pango la kilima walichokuwa wakikichimba. Fuvu lilinusurika, likapelekwa London. Kilima chenyewe kilichimbwa chote kikaisha. Kwa kuwa matabaka ya udongo yaliyolizunguka yalitoweka, wataalamu walibishana juu ya umri wake kwa karibu miaka 100. Ni mwaka 2020 tu ndipo utafiti mpya ulipokadiria umri huo kuwa miaka kama 300,000.

Mfano wa tatu watakaouelewa upesi ni wasomaji wenye asili ya India. Katika miaka ya 1850, wajenzi wa reli ya Lahore hadi Multan walihitaji kokoto za kutandika chini ya reli. Walikuta magofu yenye matofali mazuri ya kuchoma mahali paitwapo Harappa, wakayabomoa, na matofali hayo yakatandikwa kwa umbali wa takriban kilomita 150. Ilipofika mwaka 1921 Daya Ram Sahni alipoanza kuchimba kitaalamu, na mwaka 1924 John Marshall alipoutangazia ulimwengu ustaarabu wa bonde la Indus, sehemu kubwa ya mji ule wa kale ilikwisha kulala chini ya mataruma ya reli. Wahandisi wale hawakuwa wahalifu. Walikuwa na haraka, na hawakuwa na mtu wa kuwaambia simameni.

Mifano yote mitatu ina fundisho moja. Thamani ya kitu cha kale haimo ndani ya kitu chenyewe peke yake. Imo pia katika mahali kilipolala, kina chake, rangi ya udongo wake na majirani zake. Kigae kilichong'olewa na kuwekwa kabatini ni kama ukurasa mmoja uliochanwa kitabuni.

Hapa Tanzania jambo hili lina sheria yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vilivyofanywa na mikono ya binadamu kabla ya mwaka 1863 pamoja na majengo ya kale, na inampa Waziri uwezo wa kutangaza mengine kuwa ya kulindwa. Anayegundua kitu cha namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa bila kukawia, na hairuhusiwi kuchimbua wala kusafirisha malikale nje ya nchi pasipo kibali. Miradi mikubwa, hasa inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, hutakiwa kuwa na utaratibu ulioandikwa kwa ajili ya vitu vinavyokutwa bila kutarajiwa. Utaratibu huo si mgumu, na fundi wa nyumba ya vyumba viwili anaweza kuufuata sawasawa na mkandarasi wa bomba la mafuta.

Kwanza, kazi isimame mahali hapo tu. Si lazima mradi wote usimame, kwani mafundi waweza kuhamia upande mwingine. Pili, kitu kiachwe kilipo, kisioshwe wala kung'olewa, na mahali pazungushiwe kamba au miiba. Tatu, ipigwe picha penye kitu cha kulinganishia ukubwa, kama rula au jembe, na iandikwe tarehe na kina cha shimo. Nne, taarifa ifikishwe kwa uongozi wa kijiji, ambao utaifikisha wilayani na kwa Idara ya Malikale. Tano, asimame mlinzi mpaka mtaalamu afike au atoe maelekezo.

Mifupa ya binadamu inahitaji uangalifu wa pekee. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na kambi za Benaco na nyinginezo zilidumu hadi Desemba 1996. Si wote waliorudi kwao. Kwa hiyo mifupa inayofukuliwa wilayani humu yaweza kuwa ya miaka elfu iliyopita, na yaweza kuwa ya mtu ambaye ndugu zake wangali hai. Polisi waitwe kwanza, wazee na viongozi wa dini washirikishwe, na pasiwe na mzaha wala picha za kusambazwa kwenye simu.

Kinachozuia haya yote ni hofu na tamaa. Mwenye kiwanja huogopa kunyang'anywa, naye mkandarasi huogopa kuchelewa. Hivyo shimo hufukiwa usiku. Hofu hiyo ina sababu zake, na viongozi wanapaswa kuijibu kwa kufika mapema na kusema wazi, maana ofisi inayochukua miezi kujibu humfundisha mwananchi kunyamaza. Tamaa nayo ina hadithi yake maarufu: mali ya Mjerumani. Kila penye boma la kikoloni, la Biharamulo likiwa mojawapo, hakukosi minong'ono ya masanduku ya rupia yaliyofichwa. Wanaoisadiki huchimba gizani, na wanachokiacha nyuma yao ni kuta zilizopasuka na matabaka yaliyovurugwa. Hazina iliyo dhahiri, yaani habari za watu walioishi hapa, hukanyagwa katika kutafuta ile ya kufikirika.

Wengi miongoni mwa wasomaji wa kitabu hiki ni wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, wakandarasi, mafundi, wenye mashamba na wenye viwanja. Mikono yetu ndiyo itakayofika chini kabla ya mtaalamu yeyote. Si lazima tuwe wanaakiolojia. Inatosha tuwe watu wa kusimama. Anayeinamia ardhi kwa heshima kabla ya kuchimba hana budi kuendelea na heshima hiyo baada ya kuchimba, hasa ardhi inapomjibu. Wajukuu wa Nemba, wawe wa hekaluni, wa kanisani au wa msikitini, watauliza nani waliishi hapa kabla yao. Tukilifukia jibu leo kwa saruji, hakuna atakayeweza kuwapa.